Vidonge vya mzio vimekuwa vidonge vyangu vya usingizi, na sasa mama yangu amechanganyikiwa

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni mama wa miaka 46, ninauza vitenge sokoni, na nyumbani ninaishi na mama yangu mzazi mwenye miaka 74, pamoja na binti yangu na mtoto wake wa miezi minane. Ninaandika kwa sababu jambo lililoanza kama msaada limenigeuka, na sijui namna ya kutoka.

Mwaka jana wakati wa mvua niliota vipele mwili mzima nikawashwa usiku kucha. Muuguzi wa jirani alinishauri nimeze Piriton, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Usiku ule nililala kuanzia baada ya Isha hadi azana ya Alfajiri, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu nilipochukua mkopo wa kuongeza mali dukani. Vipele viliisha baada ya siku tatu, lakini vidonge sikuviacha. Kwenye duka la dawa ninalonunua, muuzaji huvichota kwa kijiko kutoka kwenye mkebe mkubwa, huvihesabu viganjani mwake, huvitia katika bahasha ndogo na kuandika juu yake "2 usiku", wala hajawahi kuniuliza ninaumwa nini. Kwa kuwa ni dawa ya bei ya chini kuliko karibu dawa zote, na kwa kuwa huuzwa bila cheti cha daktari, niliona haiwezi kuwa na madhara.

Kimoja kilipoacha kunilaza nikameza viwili, kisha vitatu, na sasa ninameza vinne. Hata hivyo saa nane usiku macho hufunguka, mara nyingi nikiwa nimelowa jasho, nami huanza kuhesabu marejesho ya mkopo kichwani hadi kunakucha. Nikikosa vidonge ndiyo silali kabisa. Asubuhi kichwa huwa kizito mpaka saa nne, kinywa hukauka kama nimefunga, na choo kimekuwa kigumu. Mchana najilaza kidogo juu ya marobota ya vitenge, na jioni nakunywa chai ya rangi kali ili niweze kufunga hesabu. Wiki iliyopita mteja aliniomba nimgawie kipande cha yadi sita, yadi mbili kwa upande mmoja na nne kwa upande mwingine, nami nikakikata katikati, tatu kwa tatu, huku nikimtazama usoni. Nililipa kitambaa chote.

Kinachonitia uchungu zaidi ni mama. Alilalamika kwamba hapati usingizi, nami nikampa viwili kila usiku. Baada ya usiku wa tatu nilimkuta amesimama mbele ya kabati akijaribu kulifungua, akisema ni mlango wa kwenda nje, na alikuwa akizungumza na dada yake aliyefariki zamani. Siku hiyo hiyo alisema mkojo unamsumbua kutoka. Nimeacha kumpa tangu Ijumaa na ameanza kurudi katika hali yake, ingawa si kamili. Juu ya hayo, shangazi yangu anamshauri binti yangu ampe mtoto dawa ya maji ya aina hiyo hiyo ili asilie usiku.

Naomba unieleze: je, hii ni dawa ya usingizi au si dawa ya usingizi? Je, nimekwisha kuwa mtumwa wake? Nami nilale kwa njia gani?

Mama wa Vitenge, Arua


Jibu

Dada yangu, pole kwa usiku mrefu, na ahsante kwa kueleza wazi hata yale yanayouma kuyasema. Nitaanza na mama yako mzazi, kwa sababu jambo lake halingoji.

Klorfeniramini, ambayo sisi sote huiita Piriton hata ikiwa imetoka katika kiwanda kingine kabisa, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ndiyo iliyokusudiwa: huzuia histamini, kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa mzio na ambayo huleta muwasho, mafua ya kutiririka na machozi. Ya pili haikukusudiwa: huzuia pia asetilikolini, kemikali inayotumiwa na neva kupeleka ujumbe kwenye kibofu, utumbo, tezi za mate na macho, na vilevile katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na utambuzi. Kinywa chako kikavu na choo chako kigumu vinatoka hapo. Kwa mama yako, kabati lililogeuka mlango na mkojo uliogoma kutoka vinaweza kuwa vimetoka hapo hapo.

Mtu wa miaka 74 haiondoi dawa mwilini kwa kasi ya ujana wake, na dawa hii hata kwa mtu mzima mwenye afya hukawia sana, kwani nusu ya kipimo huweza kuwa bado imo katika damu baada ya takriban saa 20. Maana yake ni kwamba vidonge vya Jumanne vilivikuta vya Jumatatu havijaisha, na vya Jumatano vikavikuta vya siku zote mbili. Huenda ndiyo sababu madhara yalijitokeza usiku wa tatu badala ya wa kwanza. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani hutunza orodha iitwayo Beers, inayotaja dawa ambazo watu wenye miaka 65 na zaidi wanapaswa kuepushwa nazo, na dawa za kizazi cha kwanza za kuzuia histamini, yaani zile za zamani kama Piriton, zimo katika orodha hiyo kwa sababu hizi hizi: kuchanganyikiwa, kuziba mkojo, kufunga choo na kuanguka. Kuanguka usikuchukulie kuwa jambo dogo. Mzee anayeamka usiku kwenda msalani nje akiwa na kichwa kizito na macho yasiyoona vizuri anaweza kuvunjika nyonga, na kwa wengi nyonga hairudi ilivyokuwa.

Kuacha kumpa kulikuwa uamuzi sahihi, lakini usiishie hapo. Mpeleke kituo cha afya sasa, ingawa anaendelea vizuri, kwa sababu mzee anayechanganyikiwa ghafla anaweza pia kuwa na malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au sukari iliyopanda au kushuka, na dawa uliyompa inaweza kuwa imelizidisha tu jambo lililokuwa limekwisha kuanza. Waeleze bila kuficha kwamba alimeza Piriton, ngapi, na kwa siku ngapi. Chukua mfuko wa dawa zake zote nyingine, kwa maana baadhi ya dawa ambazo wazee hupewa, kwa mfano amitriptilini ya maumivu ya neva au ya mfadhaiko, huzuia asetilikolini pia, na mbili zikikutana mzigo huwa mkubwa. Lakini ikiwa wakati unasoma haya anajaribu kukojoa na hapati, au tumbo lake la chini limevimba na linauma, basi asipelekwe kesho. Apelekwe hospitali leo, akatolewe mkojo kwa mpira.

Wala usijihukumu kana kwamba ulimdhuru mama yako kwa makusudi. Nimesimama miaka mingi nyuma ya meza ya kutolea dawa, na naweza kukuambia kwamba kidonge kile cha manjano ndicho watu wengi huwapa wazee wao kwa mapenzi kabisa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia neno. Aliyekuandikia "2 usiku" bila kuuliza swali hata moja ndiye aliyekuwa na wajibu wa kukuambia. Leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa inayotundikwa ukutani humruhusu kuuza dawa ya namna hiyo bila cheti. Haimwondolei kazi ya kuuliza.

Kuhusu mjukuu wako jibu langu ni fupi: asipewe. Dawa hizi hazitolewi kwa mtoto mchanga ili anyamaze. Ile iitwayo promethazini, ambayo nayo hupatikana ikiwa ya maji, imebeba onyo kali nchini Marekani tangu 2004 kwamba isitumike kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu kuna watoto walioacha kupumua wakafa. Wengine hufanyiwa kinyume cha ilivyotarajiwa, wakawa na fadhaa na kilio zaidi. Mtoto wa miezi minane anayelia usiku huenda anaota meno, ana njaa, masikio yanamuuma au ana homa, na kila moja ya hayo lina tiba yake. Chupa hiyo, ikiwa imekwisha kuingia nyumbani, itoke.

Sasa tuje kwako. Umeuliza kama hii ni dawa ya usingizi. Hapana, ni dawa ya mzio ambayo husinzisha. Katikati ya ubongo, chini kabisa, kuna kundi dogo la seli ambazo hutoa histamini mchana kutwa ili tuwe macho. Dawa za kizazi cha kwanza hupenya na kuingia ubongoni, huzima ujumbe huo, na mtu husinzia. Tangu Daniel Bovet alipoonyesha mjini Paris mwaka 1937 kwamba histamini inaweza kuzuiwa kwa dawa, kisha dawa zenyewe zikaanza kutumiwa na wagonjwa katika miaka ya 1940, usinzivu ulikuwa ni lalamiko la wagonjwa, na watafiti walihangaika kuuondoa hadi wakapata setirizini na loratadini, ambazo hupenya ubongoni kwa kiasi kidogo sana. Kile unachokitafuta wewe kila usiku, basi, ni dosari ambayo watengenezaji walitumia miaka kuiondoa.

Na dosari hiyo haidumu. Mwili huizoea upesi mno. Katika jaribio lililofanywa kwa difenihidramini, ambayo ni ndugu wa dawa yako na imo katika dawa nyingi za kikohozi za chupa, watu walioimeza kila siku walikuwa siku ya nne hawasinzii tofauti na waliomeza kidonge kisicho na dawa. Hii ndiyo historia ya bahasha yako: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Usinzivu hupungua, lakini ukavu wa kinywa, choo kigumu na kichwa kizito haviondoki kwa kasi hiyo, kwa hiyo kila kidonge unachoongeza hukupa usingizi mdogo na madhara makubwa. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kilitoa mwongozo unaoshauri difenihidramini isitumike kutibu ukosefu wa usingizi, si wa kuchelewa kulala wala wa kuamka katikati ya usiku.

Kidonge kimoja kina miligramu 4, nacho kimekusudiwa kumezwa kimoja kimoja kwa nafasi ya saa nne hadi sita, jumla isizidi miligramu 24 kwa siku nzima. Wewe unameza 16 kwa mkupuo. Ongeza hapo vidonge vya mafua ambavyo watu hununua bila kufikiri, kwa kuwa vingi vina paracetamol pamoja na klorfeniramini hiyo hiyo. Soma nyuma ya pakiti, na ukiona jina hilo ujue umemeza Piriton nyingine. Pombe ikichanganywa humo, upumuaji na fahamu huweza kushuka kwa namna ya hatari, na vipimo vikubwa zaidi huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Sikutishi, nataka ujue ukingo uko wapi, kwa kuwa mtu aliyepanda kutoka kimoja hadi vinne hana sababu yoyote ya kusimama kwenye vinne.

Nitaongeza jambo moja ambalo wasomaji wengine huniuliza. Utafiti uliochapishwa 2015, uliowafuatilia wazee 3,434 wa eneo la Seattle, ulikuta kwamba waliotumia kwa wingi na kwa miaka mingi dawa zinazozuia asetilikolini walipatwa zaidi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndizo zilizosababisha, lakini kwangu mimi unatosha kunifanya nisimwambie mtu yeyote ameze vidonge hivi mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya usingizi tu.

Hujawa mtumwa, dada yangu. Dawa hii haimfungi mtu kama pombe inavyomfunga. Kinachotokea ukikosa ni kwamba ubongo uliozoea kuzimwa huamka kwa nguvu kwa siku chache, nawe unadhani bila kidonge huwezi kulala tena. Kwa hiyo usiache kwa siku moja. Meza vitatu kwa usiku nne au tano, kisha viwili kwa muda kama huo, kisha kimoja, kisha uache. Usiku wa kwanza wa kila hatua utakuwa mbaya, na ni vema ulijue hilo mapema, ili saa nane ikikukuta macho usiinuke kwenda kuitafuta bahasha. Muwasho ukirudi kweli, na si usingizi unaokukosa, muulize mfamasia au afisa tabibu kuhusu setirizini.

Lakini kuna neno moja katika barua yako ambalo ulilipita haraka, nami siwezi kulipita. Unaamka umelowa jasho. Mwanamke wa miaka 46 anayeamka saa nane usiku akiwa amelowa huenda anakaribia kukoma hedhi, na mabadiliko hayo peke yake huvunja usingizi wa wanawake wengi ambao hawajui jina la kinachowasumbua. Wao hujilaumu kwa mawazo, au hulilaumu joto la Arua. Hilo lina msaada wake kwa daktari. Hata hivyo, katika nchi yetu jasho la usiku halitakiwi kukisiwa. Pima malaria, na ikiwa una kikohozi kilichozidi wiki mbili au unapungua mwili, pima kifua kikuu. Mwambie mhudumu pia dawa zozote unazotumia kila siku. Kwa mfano, wapo wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir ambao hukosa usingizi, na mara nyingi kinachohitajika ni kuhamisha muda wa kumeza kutoka usiku kwenda asubuhi, kwa ushauri wa kliniki yao. Kama wewe si mmoja wao, huenda msomaji mwingine ni mmoja wao, ndiyo maana nimelitaja.

Yaliyobaki yako mikononi mwako, na yana nguvu kuliko unavyodhani, kwa maana tiba ambayo madaktari wa usingizi huitanguliza mbele ya kidonge chochote ni ya kurekebisha mazoea. Wewe tayari una nguzo moja ambayo wengi hawana: azana ya Alfajiri. Amka nayo kila siku, hata usiku uwe umekwenda vibaya kiasi gani, na ukisha kuswali usirudi kitandani. Usingizi wa juu ya marobota uache kabisa kwa majuma manne, kwa sababu usingizi wa mchana hupunguza ule wa usiku. Chai ya rangi inywe asubuhi, na ya mwisho isipite saa nane mchana. Karibu nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni kingali kinafanya kazi unapozima taa.

Usiende kitandani baada ya Isha kwa kuwa tu umechoka. Nenda saa tano, macho yakiwa mazito kweli. Ukiona umelala pale kama dakika 20 bila usingizi, iwe mwanzo wa usiku au saa nane, inuka, kaa kwenye kiti chenye mwanga hafifu, fanya jambo la kutuliza lisilo simu, na urudi usingizi ukirudi. Hili ndilo watu huliona gumu kuliko yote, na ndilo linalofanya kazi kuliko yote, kwa sababu kitanda chako kimejifunza kuwa mahali pa kuhesabu madeni, nacho lazima kifundishwe upya.

Hesabu za madeni zipe saa yake. Mara baada ya kufunga duka, kwenye daftari, andika kiasi kinachodaiwa, tarehe, na kitu kimoja utakachofanya kesho kuhusu deni hilo. Kama marejesho yamekuzidi kweli, kitu hicho kimoja kiwe kwenda kuwaona waliokukopesha kabla hujachelewa, ukaombe muda wa kulipa urefushwe. Mkopeshaji humsikiliza zaidi aliyekuja mwenyewe. Na ikiwa pamoja na kukosa usingizi umepoteza hamu ya chakula na ya watu, au umeanza kuona heri usingekuwapo, usiningoje mimi. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Arua ina huduma ya afya ya akili, na ukosefu wa usingizi ni miongoni mwa mambo wanayoyapokea kila siku.

Majuma mawili ya kwanza utasinzia mchana na utanilaani kidogo. Katika siku hizo, mteja akitaka kitambaa kigawanywe, mwite binti yako apime na ashike mkasi. Kisha baada ya majuma manne niandikie, uniambie uko kwenye kidonge cha ngapi, na mama yako alipimwa akakutwa na nini.